Redio na Jukwaa: Burudani ya Dar es Salaam Kabla ya Televisheni

Televisheni ilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, yaani takriban miaka ishirini baada ya Zanzibar kuzindua ya kwake, na zaidi ya miaka thelathini baada ya Kenya, iliyokuwa nayo tangu 1962. Kuchelewa huko kulitokana kwa sehemu kubwa na uamuzi wa serikali ya awamu ya kwanza, iliyokiona chombo hicho kuwa anasa isiyolingana na nchi maskini ambayo wananchi wake wengi waliishi vijijini bila umeme. Kutokana na uamuzi huo, redio na jukwaa, ambavyo katika nchi nyingi vilikwisha kusukumwa pembeni na picha za sebuleni, viliendelea kuwa nguzo za burudani ya Dar es Salaam kwa kizazi kizima zaidi. Wazee wanaoikumbuka enzi hiyo kwa hamu huielezea kama wakati ambapo sauti moja ilisikika nchi nzima na vikundi vya sanaa vilijaza kumbi kila mwisho wa juma. Kumbukumbu hizo zina msingi wa kweli, lakini zinahitaji kuwekwa katika mazingira ya kisiasa na kiuchumi yaliyoziumba, kwa sababu redio na jukwaa vilitegemeana, vilidhibitiwa pamoja, na vimeacha urithi usiolingana.

Burudani ya mchanganyiko, kwa maana ya onyesho moja linalounganisha muziki, ngoma, mzaha na mashindano, ni ya zamani kuliko redio. Mwishoni mwa karne ya 19 ilizuka katika miji ya pwani ya kaskazini ngoma ya beni, ambayo wachezaji wake waliiga gwaride, vyeo na ala za bendi za kijeshi za wakoloni, huku makundi hasimu yakishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kejeli. Beni ilisambaa hadi Tanganyika na bara ya mbali, ikawazoesha watu wa mijini mambo mawili ambayo yangeonekana tena miaka mingi baadaye: burudani kuwa uwanja wa mashindano ya makundi, na mzaha kuwa njia ya kumsema mkubwa bila kumtaja. Kwa upande wa Unguja, Siti binti Saad, mwimbaji aliyetoka kijiji cha Fumba, alisafiri mwaka 1928 pamoja na wanamuziki wenzake hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili. Santuri hizo zilinunuliwa katika miji ya Afrika Mashariki na kuchezwa kwa gramafoni, na kupitia kwake watu wengi walizoea kwa mara ya kwanza kumpenda msanii ambaye hawakuwahi kumwona. Umaarufu wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Shaaban Robert alimwandikia wasifu, heshima ambayo wasanii wachache wa kike wa wakati huo waliipata.

Redio yenyewe iliingia Afrika Mashariki mwaka 1928, pale kituo cha Nairobi kilipoanza kuwatangazia walowezi wa Kizungu kwa Kiingereza. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyobadili mwelekeo, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilihitaji kuwafikia Waafrika ambao ndugu zao walikuwa askari katika medani za mbali, hivyo matangazo kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika yakaanzishwa. Jeshi nalo liliunda kikosi cha burudani cha kuwachangamsha askari, na miongoni mwa waliopitia humo ni Fundi Konde, mpiga gitaa kutoka pwani ya Kenya ambaye baada ya vita alikuwa mmoja wa wanamuziki waliorekodi kwa wingi jijini Nairobi. Kikosi hicho kiliwapa wasanii kadhaa uzoefu wa kazi ya jukwaani yenye ratiba, safari na ujira, jambo ambalo ngoma za mitaani hazikuwa nalo.

Mwaka 1951 vilizaliwa vituo viwili vya Kiswahili, Sauti ya Unguja na Sauti ya Dar es Salaam. Hiki cha pili kilianza kama jaribio, kikiwa na mitambo dhaifu, na mwaka 1956 kikageuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Ushindani wa mawimbi ulianza mapema, maana Redio Cairo ilikwisha kuanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, ikiwashambulia waziwazi wakoloni, na BBC ikafungua idhaa yake ya Kiswahili mwaka 1957. Katika mazingira hayo msikilizaji wa Kiswahili alikuwa mtu anayegombewa na mataifa, na watangazaji wakajifunza kwamba habari pekee hazimshiki, hivyo muziki, mashairi na maigizo yakaingizwa katika ratiba ili kumfanya asizungushe kitufe.

Baada ya uhuru redio ilichukuliwa kuwa chombo cha ujenzi wa taifa. Shirika la Utangazaji la Tanganyika lilivunjwa mwaka 1965 na mahali pake pakawekwa Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyojulikana kwa kifupi kama RTD, ambayo ilikuwa idara ya serikali. Redio ndogo za transista zinazotumia betri, ambazo baadhi yake zilitengenezwa na kiwanda cha National kilichojengwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960, ziliwezesha matangazo kufika mahali ambapo nguzo za umeme hazikufika. Hata hivyo, redio ilibaki mali ya thamani na betri zilikuwa na gharama, kwa hiyo usikilizaji ulikuwa wa pamoja: majirani walikusanyika barazani kwa mwenye chombo, kwenye duka la kijiji au kwenye kilabu cha pombe, na mwenye redio aliamua lini iwashwe na lini izimwe ili betri zidumu. Serikali iliutumia utaratibu huo wa kusikiliza kwa makundi katika kampeni zake za elimu, na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2 waliokutana katika vikundi kusikiliza vipindi na kujadili usafi, maji na malaria.

Kwa wanamuziki, RTD ilikuwa zaidi ya kituo cha matangazo. Nchi haikuwa na tasnia ya santuri yenye nguvu, hivyo bendi iliyotaka kusikika ilikuwa na njia mbili: kusafiri hadi Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro hadi alipofariki nchini Kenya mwaka 1979, au kuingia katika studio za RTD zilizokuwa kando ya barabara ya Pugu, ambayo leo ni barabara ya Nyerere. Kabla ya kurekodi, mashairi ya nyimbo yalipaswa kukaguliwa, na wimbo ulioonekana kwenda kinyume cha maadili au siasa ya nchi ulikataliwa au kurudishwa urekebishwe. Malipo yalikuwa madogo, lakini wimbo uliopigwa redioni uliijazia bendi ukumbi. Kipindi cha Klabu Raha Leo Show kiliwaletea wasikilizaji bendi kama kwamba wamekaa ukumbini, na msikilizaji wa Kigoma au Lindi aliweza kuijua sauti ya mwimbaji wa NUTA Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, bila kuwahi kukanyaga Dar es Salaam.

Sehemu nyingine ya mvuto wa redio ilikuwa maneno. Mchezo wa kuchekesha wa Pwagu na Pwaguzi ulijengwa juu ya wajanja wawili wanaozidiana kwa hila, kama methali inayobeba majina hayo inavyodokeza, na uliwafanya watu wazima na watoto kusubiri saa ya kipindi. Vipindi vya salamu viliwapa wasikilizaji nafasi ya kusikia majina yao yakitajwa hewani, kwa kujaza kadi na kuzituma kwa posta, na kukazuka watumaji salamu mashuhuri waliofahamika nchi nzima kwa lakabu zao. Kipindi cha Ugua Pole kilipeleka salamu na nyimbo kwa wagonjwa waliolazwa hospitalini. Nchini Kenya, Leonard Mambo Mbotela alianzisha mwaka 1966 kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, kilichochambua tabia za watu kwa mzaha wa kiungwana na kuendelea kusikika kwa miongo mingi. Vipindi vya aina hii vilifanana katika jambo moja: viliwageuza wasikilizaji kuwa wahusika, kwa kuwa aliyesemwa redioni alikuwa mtu wa mtaani ambaye kila mmoja alidhani anamfahamu.

Mtu huyohuyo wa mtaani ndiye aliyekuwa mhusika mkuu wa jukwaa. Kichekesho, kwa maana ya mchezo mfupi wa kuigiza usioandikwa, kilichipuka katika miji na shule za Tanganyika na Zanzibar wakati wa ukoloni, na watafiti wa sanaa za maonyesho, akiwemo Penina Mlama, wamekitazama kama sanaa iliyozaliwa katika mkutano wa utambaji wa hadithi na maigizo ya kigeni. Utengenezaji wake ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutenda: kiongozi wa kikundi alitoa kisa, akagawa nafasi, na waigizaji wakazua maneno wao wenyewe, wakiyabadili kila usiku kulingana na hadhira iliyokuwepo. Wahusika walikuwa wale wanaotambulika mara moja, kama mshamba aliyeingia mjini, mzee bahili, mganga tapeli, mume mlevi na mwenye duka mwenye lafudhi, na waigizaji walijipaka unga usoni, wakajifunga mito tumboni na kuvaa makoti yenye viraka ili kicheko kianze kabla hawajafungua kinywa.

Jinsi kichekesho kilivyoingia katika onyesho kubwa la mchanganyiko ni suala la sera. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na katika miaka iliyofuata serikali ilianzisha kikundi cha taifa cha ngoma, ikapeleka vijana China kujifunza sarakasi, yaani michezo ya viungo na mizani, kisha ikaongeza kikundi cha maigizo. Vikundi hivyo vya taifa vilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafunguliwa mwaka 1981 kuchukua jukumu la mafunzo. Wakati huohuo mashirika ya umma, majeshi na viwanda vilikuwa na bendi na vikundi vyao, kama DDC Kibisa iliyokuwa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, kwa sababu kikundi cha sanaa kilikuwa alama ya hadhi ya shirika na kilihitajika kwenye mapokezi ya viongozi na sherehe za kitaifa. Kwa njia hiyo ngoma, sarakasi na maigizo, vilivyoanza kama idara tofauti za serikali, vilikutana chini ya paa moja.

Msukumo wa mwisho ulitoka sokoni. Hali ngumu ya uchumi baada ya vita vya Kagera dhidi ya Uganda ilipunguza uwezo wa mashirika kulea wasanii, na watu binafsi wakaingia. Norbert Chenga alianzisha Muungano Cultural Troupe, kikundi kilichoishi kwa kiingilio cha mlangoni badala ya bajeti ya shirika, na Mandela Cultural Troupe likawa jina jingine lililosikika sana katika miaka hiyo. Kwa kuwa mteja aliyelipa alitaka thamani ya fedha yake, vikundi vilijifunza kumpa kila kitu kwa tiketi moja. Onyesho la kawaida lilianza alasiri katika baa yenye uwanja mpana au ukumbi wa mtaa wa Kinondoni, Ilala au Magomeni, likafunguliwa kwa ngoma za makabila mbalimbali, kama sindimba ya Wamakonde, lizombe ya Wangoni na bugobogobo ya Wasukuma, zikapangwa na kufupishwa ili ziendane na mwendo wa jukwaa. Zilifuata sarakasi, mazingaombwe na ngoma ya nyoka, kisha kichekesho, kisha igizo refu lenye huzuni na mafunzo, ambalo lilishughulikia ndoa, mirathi, uchawi na ulevi. Usiku ulipoingia jukwaa liliachiwa taarabu, na watazamaji waliinuka kwenda kuwatunza waimbaji, yaani kuwapa fedha mkononi au kuwabandika usoni, kila mmoja akichagua ubeti wa kwenda nao ili anayelengwa aelewe.

Taarabu hiyo ndiyo iliyogeuza maonyesho kuwa mashindano ya wazi. Mwaka 1992, nchi ilipoingia katika mfumo wa vyama vingi, iliundwa Tanzania One Theatre, maarufu kama TOT, chini ya uongozi wa Kapteni John Komba na ikiwa na uhusiano wa karibu na Chama Cha Mapinduzi. TOT ilikuja na vyombo vya kisasa na sauti ya Khadija Kopa kutoka Zanzibar, na Muungano ikajibu kwa Nasma Khamis. Nyimbo za mipasho, zinazomchoma mpinzani kwa mafumbo yaliyo mepesi kufumbuliwa, zilijibizana kutoka kikundi hadi kikundi, na mashabiki wakagawanyika kama wa timu za mpira. Ushindani wa beni wa miaka mia moja nyuma ulikuwa umerudi kwa sura mpya, safari hii ukiwa na vipaza sauti, kanda za kaseti na siasa za uchaguzi nyuma yake.

Uhusiano wa redio na jukwaa katika kipindi chote hiki ulikuwa wa kulishana. Redio ilitangaza majina na jukwaa likayageuza kuwa sura, na mwigizaji aliyeivutia hadhira ya baa aliitwa studio huku wimbo uliochezwa hewani ukiombwa ukumbini. Vilitofautiana katika uhuru wa kusema. Wimbo wa redioni ulipita mbele ya wakaguzi, ilhali kichekesho, kwa kuwa hakikuandikwa, hakikuwa na karatasi ya kukaguliwa, na msanii aliweza usiku mmoja kumdhihaki mla rushwa au mgawaji wa bidhaa adimu na usiku uliofuata kuliacha neno hilo ikiwa kulikuwa na mgeni mkubwa ukumbini. Serikali ilikuwa na vyombo vya kusimamia sanaa, likiwemo Baraza la Muziki la Taifa lililoundwa mwaka 1974 na Baraza la Sanaa la Taifa la mwaka 1984, lakini vibali vyao vilihusu vikundi na maonyesho kuliko maneno yaliyozuliwa papo hapo.

Hamu ya siku hizo haipaswi kufunika mzigo uliobebwa na wasanii wenyewe. Wengi waliishi kwa posho ndogo na kurudi makwao usiku wa manane baada ya kazi ya saa nyingi, na wanawake wa jukwaani waliitwa wahuni na watu walewale waliolipa kuwatazama. Aidha, ile sauti moja iliyosikika nchi nzima ilisikika peke yake kwa sababu hapakuwa na ruhusa ya kuwepo nyingine. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua milango kwa vituo binafsi, Radio One na televisheni ya ITV vilianza mwaka uliofuata, na wasikilizaji walihamia kwa haraka iliyoonyesha kwamba uaminifu wao kwa RTD ulikuwa kwa sehemu ukosefu wa mahali pengine pa kwenda.

Redio ya taifa haikukata tamaa mara moja. Mwaka 1993 RTD ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, ambamo dereva wa lori aitwaye Mkwaju aliwekwa kuwa mfano wa tabia ya kuepukwa. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo huo haukurushwa katika eneo la Dodoma, ili watafiti waweze kulinganisha waliousikia na wasiousikia, na matokeo yalionyesha kwamba mchezo huo wa sauti tupu ulichangia kubadili mitazamo na mwenendo. Jukwaa liliumia zaidi. Mtu aliyekuwa na televisheni, au aliyeweza kwenda kwa jirani mwenye nayo, hakuona sababu ya kulipa kiingilio na kutafuta usafiri wa usiku, na wenye baa waligundua kwamba runinga moja ukutani yenye mechi za ligi za Ulaya iligharimu kidogo kuliko kikundi cha watu wengi.

Sanaa yenyewe ilihama badala ya kufa. Kikundi cha Kaole kilipeleka maigizo yasiyoandikwa katika televisheni kwa mbinu zilezile za kisa kimoja na maneno ya kuzua, wachekeshaji kama Mzee Small na King Majuto wakawa sura za kizazi kipya cha watazamaji, na filamu za Kiswahili zilizofuata zilirithi wahusika, mizaha na mafunzo ya jukwaani. Taarabu ya kisasa ilijitenga na onyesho la mchanganyiko na kuwa biashara kamili peke yake.

Kilichobaki kwa mwanahistoria ni urithi wa upande mmoja. Maktaba ya kanda ya RTD, ambayo sasa iko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, imehifadhi nyimbo za bendi, ngoma na vipindi vya miongo kadhaa, na hata pale kanda zinapochakaa, kuna kitu cha kuokoa. Vichekesho vya Muungano, Mandela na DDC Kibisa havikuandikwa wala, kwa sehemu kubwa, kurekodiwa, na uhuru uliovifanya viwe vikali kuliko redio ndio uliovinyima kumbukumbu. Hati za kuvieleza zimo vichwani mwa waigizaji na watazamaji ambao sasa wamezeeka, na vyuo vya sanaa, idara za historia na vituo vya redio vyenyewe vina wajibu wa kuwatafuta, kuwahoji na kuhifadhi maelezo yao wakati bado wapo, kwa sababu historia ya burudani itakayoandikwa kwa kanda za redio peke yake itakuwa historia ya maneno yaliyoruhusiwa tu.